Watoto Wanaoota Meno

Sajenti Chalwe alikula uji wa watoto mpaka bakuli likawa tupu, akaliweka chini, akangoja aone kama atakufa.

Hakufa. Ulikuwa uji uliobaki jana, wa muhogo na karanga zilizotwangwa, mtamu kuliko wa nyumbani kwake, na jambo hilo lilimuudhi zaidi. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta kosa katika nasari ya Olipa, na kila alipogusa alikuta pamefagiwa. Maji yalikuwa yamechemshwa na kufunikwa. Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga. Nje, nyuma ya ua wa matete, akina mama wa soko la Kashikishi walikuwa wamesimama kumtazama polisi akila, na walipoona bado amesimama kwa miguu yake wakaanza kunung'unika kana kwamba amewadhulumu.

"Amekula paka ya juu, ya juu tu," mmoja alisema. "Sumu inakaaka chini."

Chalwe aliinua bakuli, akawaonyesha lilivyo jeupe. Hakuna aliyesema asante.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Delphine, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, alikuwa na binti mmoja tu, Colette, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kutembea. Siku za soko alimwacha kwa Olipa, kama walivyofanya wachuuzi wengine. Olipa alikuwa mjane wa hapo hapo Kashikishi. Alikuwa amegeuza ghala kuukuu la samaki kuwa mahali pa kulea watoto, na mama zao walimlipa kwa samaki. Delphine hakuwahi kuridhika naye. Mara watoto wanalala kwenye simenti, mara wanachelewa kulishwa, mara mtoto anarudi nyumbani amelegea. Majuma ya karibuni maneno yake yalibadilika: mtoto anatoka udenda kama bomba, mikono inatetemeka, usiku anashtuka. Aliwaambia wanawake wa kanisa, akamwambia mwenyekiti wa soko. Wote walimjibu kwamba mtoto ni mtoto.

Jana Colette alipigwa na degedege mikononi mwa Olipa. Sasa alikuwa hospitali, na wenzake wawili walikuwa kitanda cha jirani, nao wakitetemeka ingawa si kama yeye. Soko lilimfuata Olipa na fimbo za kuanikia samaki, na polisi wakamchukua kituoni, kwa usalama wake, kama walivyomwambia. Mlango ulifungwa kwa nje.

"Kabla ya jioni," Inspekta Ngosa alikuwa amemwambia Chalwe, "ama unamshitaki, ama unamwachia. Ukimwachia, utalala mlangoni kwake wewe mwenyewe."

Na hospitali, Masere Agnès, mtawa aliyewatibu watoto, alikuwa amesema kwa kifupi zaidi. "Ni sumu. Niambie sumu gani, sajenti. Bila hiyo ninapapasa tu."

Basi Chalwe alipapasa naye. Alipanda juu ya benchi la nasari, akapitisha mkono kwenye boriti, na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, vidole vyake vikagusa kitu kilichofichwa. Ilikuwa chupa ya kahawia, imezibwa kwa kitambaa. Wale akina mama waliiona ikishuka. Kelele zilizopanda zilimfanya aondoke kwa mlango wa nyuma.

Olipa alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, amejikunja ndani ya kitenge, uso umevimba upande mmoja mahali fimbo ilipompata. Aliitazama chupa, kisha akamtazama Chalwe.

"Hiyo ni ya mugongo wangu, bwana mukwai," alisema. "Naweka juu kusudi batoto basifikie. Unusa."

Alinusa. Mafuta ya taa, na kitu kikali cha kuchua kilichompanda puani mpaka macho yakatoka machozi. Mtoto hangeweza kulambishwa hicho bila nyumba nzima kusikia.

"Unataka kunywa na hii pia?" Olipa aliuliza. "Banasema umemaliza uji yangu yote."

"Mama, usinichezee. Watoto wote walikula uji?"

"Bote. Sufuria moja, kijiko moja. Na mimi nakulaka."

"Na maji?"

"Pipa moja."

"Basi kwa nini watatu tu ndio wanaumwa?"

Olipa alijifunga kitenge vizuri. Alikuwa amechoka, na hasira yake ilikuwa imekwisha kuiva, haikuhitaji sauti. "Kama ningejua, mukwai, ningekuwa hapa? Nimesumbuka na ile kitu kuliko wewe. Nilimubeba mugonjwa wa kwanza kwa mama yake, akanitukana. Nikamubeba wa pili, akanitukana. Mi nilifikiri malaria. Niulize kitu ingine, ile sijue."

Chalwe alitoka akiwa na chupa ya mgongo mkononi na bila kitu kichwani. Ilimuuma kuona kwamba mtu pekee aliyemjibu sawasawa tangu asubuhi ni yule aliyefungiwa.

Alishuka ufukweni kumtafuta Eness, mama wa mmoja wa wale wawili. Alimkuta anageuza chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa, vilivyotandazwa kwenye mchanga, maana mume wake ndiye aliyekuwa zamu hospitali. Hakuacha kazi.

"Una watoto wangapi kwa Olipa?"

"Wangu babili, na wa dada yangu moja. Mukubwa huyo." Alionyesha kwa kidevu mvulana aliyekuwa anawafukuza kunguru kwa nguvu zote za afya yake. "Mugonjwa ni ule anamufuata kwa kuzaliwa. Na ule wa dada yangu beko naye kwa mugongo, haina kitu, ananyonya tu."

"Wanalala pamoja huko nasari?"

"Beko banalala pamoja, banakula pamoja, banajinyia pamoja."

"Sasa huyu mgonjwa ana nini ambacho wenzake hawana?"

Eness alinyoosha mgongo, akamtazama kama anayejiuliza kama serikali inamlipa mtu huyu. "Ana meno, bwana. Yale ya nyuma yanatoka. Anatafuna kila kitu. Ametafuna ndala za baba yake. Minamuachisha ziwa mbele ya wakati, juu alikuwa ananiuma mpaka damu."

Chalwe alimwomba arudie. Alirudia, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi.

Mama wa mgonjwa wa tatu alikuwa anauza chumvi karibu na gati. Alijibu hivyo hivyo kabla hata swali halijaisha: ndiyo, meno, na udenda, na vidole mdomoni, Mungu atusaidie. Chalwe hakuhitaji kuuliza kuhusu Colette. Mtoto aliyejua kutembea juzi yuko katikati ya meno.

Alirudi nasari karibu mbio. Akina mama walikuwa wamepungua kwa ajili ya jua, na hilo lilimfaa, kwa sababu alichofanya kingewachekesha mwezi mzima. Alivua kofia, akapiga magoti, akatambaa. Alitazama kila kitu ambacho mdomo wa mtoto anayetambaa ungekifikia: ukingo wa benchi, kizingiti cha mlango, miguu ya meza. Kulikuwa na alama za meno hapa na pale, za zamani, zimekauka. Kisha alifika pembeni, mahali watoto walipokuwa wakilazwa mchana, akakuta magunia ya kulalia.

Pembe zake zilikuwa zimetafunwa mpaka nyuzi zimening'inia.

Si yote. Yalikuwepo magunia makuukuu, mekundu kwa vumbi, pembe zake nzima. Yaliyotafunwa yalikuwa manene na laini zaidi, yametandikwa mahali pazuri, mbali na mlango. Yalikuwa yameshonwa upya kwa uzi wa buluu wa nyavu. Aliyanusa. Harufu ya samaki, na nyuma ya samaki harufu kidogo ya sabuni. Hakuna kingine.

Alikuwa karibu kukata tamaa alipoona sisimizi. Uji uliomwagika jana wakati wa fujo ulikuwa umekauka kwenye simenti, na sisimizi walikuwa wameujia kwa msafara kutoka mlangoni. Tone jingine lilikuwa limekauka juu ya gunia la uzi wa buluu, shibri moja tu kutoka hapo. Hilo halikuwa na sisimizi hata mmoja.

Chalwe alichukua kipande cha uji uliojaa sisimizi, akakiweka juu ya gunia kuukuu. Walitembea, wakazunguka, wakaendelea na kazi yao. Alichukua kingine, akakiweka juu ya gunia la uzi wa buluu, akalaza kidevu sakafuni kutazama. Sisimizi walishuka kwenye uji, wakatembea kidogo juu ya zile nyuzi, wakaanza kujikunja. Waliobaki sakafuni walifika ukingoni, wakageuka.

Alikunja gunia moja ndani ya karatasi, akanawa mikono mara mbili kwenye pipa, akarudi kituoni.

"Magunia ya uzi wa buluu," alimwambia Olipa. "Nani aliyaleta?"

"Mama Delphine," Olipa alisema bila kufikiri. "Alikuwa analalamika juu ya simenti. Kila siku simenti, simenti, batoto banapata baridi. Siku moja akakuja na mzigo kichwani, akaniambia tandika. Nilifurahi, mukwai. Nilisema, leo tumepatana."

Chalwe alivaa kofia yake. Alikuwa anajua tayari atakakokwenda, na alijua hatapata jibu huko, lakini utaratibu ni utaratibu.

Soko la samaki wakavu lilikuwa limejaa. Magunia yalikuwa yamepangwa yakingoja lori la kwenda migodini Copperbelt, na juu yake walikaa wenyewe. Chalwe aliuliza swali moja kwa kila mmoja: samaki akikaa kwenye gunia safari nzima, mnamlindaje na wale wadudu wanaokula mpaka kubaki vumbi?

"Kwa moshi," alisema wa kwanza.

"Kwa chumvi."

"Kwa maombi," alisema wa tatu, na majirani zake wakaangua kicheko.

"Hakuna anayetia dawa?"

Wapi. Dawa gani? Hawajaisikia. Walimtazama kwa macho makavu kabisa. Kila mtu hapo alijua kwamba mchuuzi mmoja jirani yao alikamatwa msimu uliopita na unga wa dawa. Walimwona akinyang'anywa mzigo na mtumbwi, akavushwa ziwa na nguo alizovaa. Chalwe alisogea kwenye gunia lililofunguliwa la mwanamke aliyeapa kwa moshi. Pembeni, kwenye utumbo uliotupwa, nzi walikuwa wamejaa. Kwenye samaki wake hapakuwa na nzi hata kwa kukosea. Na huyu ndiye samaki ambaye mke wa Chalwe alimpika kila Jumatano.

"Bwana polisi," yule mwanamke alimwambia polepole, akilifunga gunia, "uko unatafuta mwenye kuua batoto, ao uko unatafuta kufunga soko?"

"Kuna mtoto anakufa, mama. Ninataka jina la unga tu."

"Pole sana. Mi natumikaka na moshi."

Angeweza kuwatikisa mmoja mmoja. Angeweza kuwapeleka wote kituoni na kusikia wimbo ule ule mpaka kesho. Walikuwa wamempigia kelele Olipa na fimbo mkononi, kisha wamekaa juu ya jibu, wamelikalia kabisa, kwa makalio yao.

Hospitali, Delphine alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, ameshika mguu wa mwanawe. Colette alikuwa mdogo kuliko Chalwe alivyodhani. Mikono yake ilikuwa inaruka ruka juu ya shuka, peke yake, kama isiyo yake, na mate yalikuwa yamelowesha mto. Masere Agnès alikuwa anayafuta.

"Umemufunga yule mwanamuke?" Delphine aliuliza.

"Yuko kituoni."

"Bon. Juu ya nini unakuja huku? Minasema tangu zamani, hakuna mutu ananisikia. Minasema mahali kule ni pabaya. Banacheka. Sasa angalia."

Alikuwa amesema kweli, na Chalwe alijua, na hilo ndilo lililofanya mdomo wake uwe mzito. Alifungua karatasi, akaweka gunia sakafuni.

"Hili unalijua?"

"Ni yangu. Minabapatia nasari. Batoto balikuwa banalala kwa simenti sawa mbuzi."

"Ulikuwa unabeba nini ndani yake kabla?"

"Samaki."

"Na nini tena?"

"Samaki, bwana. Paka samaki."

"Mama Delphine, watoto wanaoumwa ni wale wanaoota meno. Wametafuna pembe za magunia. Yako, si mengine. Sisimizi wakitembea juu yake wanakufa."

Delphine hakumtazama. Alikuwa anatazama uzi wa buluu.

Masere Agnès alinyooka. "Kuna sumu za aina mbili ninazofikiria," alisema. "Dawa ya moja inaweza kuua mwenye nyingine. Siwezi kubahatisha, mama. Nikikosea, mimi ndiye nitamuua."

Kitanda cha pili, mume wa Eness alikuwa ameacha kumpepea mwanawe. Chalwe aliona midomo ya Delphine ikitingishika, akaona anavyopiga hesabu yake: mzigo unaongoja lori, mtumbwi, mume aliye ng'ambo, yule mchuuzi wa msimu uliopita. Alitamani kumshika mabega amtikise.

"Minazifua zile gunia," Delphine alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Minazifua ndani ya ziwa, na sabuni, tena na tena. Minazianika. Haikubaki harufu. Minachagua zile nzuri, zile nono, juu alale muzuri." Sauti ilimkatikia. "Ni unga ya kuua badudu ba pamba. Bwana yangu Hippolyte ananitumiaka kutoka ng'ambo. Mukebe iko kwa nyumba yangu, ndani ya pipa ya chumvi. Kimbia, bwana. Kimbia basi."

Chalwe alikimbia. Hakuona aibu. Alipita soko zima mbio na kofia mkononi, akapindua pipa la chumvi sakafuni kwa Delphine, akarudi na mkebe umefungwa ndani ya shati lake. Masere Agnès alisoma maandishi yake akiwa amesimama mlangoni, akasema neno moja la Kifaransa ambalo mtawa hapaswi kulijua, akaenda kabatini.

Dawa haikufanya muujiza. Ilifanya kazi polepole, na Delphine aliitazama ikifanya kazi bila kupepesa macho. Kwanza mate yalikauka. Kisha mikono ilipunguza kuruka. Jua lilipokuwa linaegemea upande wa ziwa, Colette alifungua macho, akamwona mama yake, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyekasirika. Kitanda cha pili, mume wa Eness aligeukia ukutani, akafuta uso.

Inspekta Ngosa alikuja mwenyewe. Alisikiliza, akauliza maswali machache, akaamuru Olipa afunguliwe. Kisha akamwambia Chalwe kilichobaki, kwa sauti ya chini, na Chalwe ndiye aliyetakiwa kukisema.

"Mama Delphine. Lazima twende kituoni."

"Najua."

"Huenda ikawa siku nyingi."

"Najua, bwana." Alikuwa anamfunga mtoto kitambaa kichwani. "Lakini hapa mugonjwa lazima akuwe na mutu wa kumupikia, wa kulala pembeni yake. Baba yake iko ng'ambo. Bale ba sokoni bakisikia minasema juu ya unga, hakuna atanifungulia mulango." Kilichofuata kilimtoka kwa shida, kama mtu anayetoa jino. "Muite mama Olipa."

Chalwe alidhani hatakuja. Yeye mwenyewe, angekuwa na uso uliovimba vile, asingekuja. Olipa aliingia wodini akiwa bado amejikunja ndani ya kitenge chake, na Delphine alipomwona alisimama, akapiga magoti sakafuni jinsi wanawake wa hapo wanavyomsalimia mkubwa, akabaki hapo chini.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mutoto hana mutu."

Olipa alimwangalia. Hakumwinua.

"Amekula?"

"Bado." Delphine alianza kusema haraka haraka, macho sakafuni. "Uji usimupatie moto, anakataaka. Na akinywa maji lazima..."

"Lazima nimushikie kikombe na mukono wa kushoto, juu ule wa kuume anausukuma," Olipa alisema. "Na wimbo akilala, ule wa mutumbwi, mara mbili. Najua, mama. Niko naye kila siku."

Alimpita, akakaa mahali Delphine alipokuwa amekaa, akaushika mguu wa mtoto. Colette aliacha kulia.

Delphine alisimama, akajipangusa magoti, akatangulia mlangoni mbele ya polisi.